PC ya gemu kwa dola 700 hapa Lubumbashi: angalieni hii listi mbele nilipe

mwana_katuba
Jambo bakubwa na ba yaya. Niko na dola 700, nataka PC ya gemu, FC (ile ya mupira) sana sana, GTA V, na Warzone kama itaweza. Ekrani ya 1080p niko nayo, klavie na suri pia. Nilizunguka mu ba magazini za ville, vendere mumoja akanipatia hii listi, dola 680 na anafunga yote yeye mwenyewe:

prosesere Core i7-4770
RAM 16 giga DDR3, barete moja
karte grafike RX 580 8 giga
disiki ngumu tera 1
alimentasio (ile inagawa kuranti mu mashini) 600 wati, inakuya pamoja na bwatie (sanduku ya mashini)
bwatie ya kioo na ventilatere sita za taa
Windows iko ndani

Anasema i7 inapita i5 yote, na kama sibebe leo kuna mutu wa Kolwezi ataibeba kesho. Ku kwetu Katuba kuranti inakuyaka na kuenda, na magaribi inakuwaka zaifu mpaka ampule inakuwa nyekundu. Mnasema nini?

ruashi_boy
i7 na karte ya 8 giga kwa 680?? Beba bwana. Mutu wa Kolwezi atakucheka.

fundi_kampemba
Usibebe. Huyu mutu wa Kolwezi mi namusikiaka mu kila magazini, kila siku ni kesho njo anabeba, na ile mashini inabakiaka tu pale.

Twende moja moja. "i7" ni jina tu, angalia namba inafuata. 4770, ile 4 ya mbele njo jenerasio, ya ine, ilitoka 2013, kori 4. i5-12400F ya 2022 iko na kori 6 na inaipita mbali sana hata kama jina yake ni "i5" tu. Tena Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia ku jenerasio ya munane, na Windows 10 Microsoft iliacha kuichunga tarehe 14 Oktoba 2025. Donc ile "Windows iko ndani" muulize ni Windows gani, na iliingia namna gani.

RAM: prosesere ya ile jenerasio haikubali barete ya DDR3 ya giga 16, mwisho wake ni 8 kwa barete moja. Ao iko barete mbili na vendere hajafungua mashini akaangalia, ao iko 8 tu. Mwambie awashe mbele yako.

RX 580: karte ya 2017. Wakati yake ilikuwa muzuri, sikatai. Me kuko za aina mbili chini ya jina moja, moja iko na kori ndogo ndogo 2304, ingine iko na 2048, ile walitengenezaka kwa soko ya China. Programu inaitwa GPU-Z ni ya bure, unaifungua unasoma, na kama karte ni ya Nvidia yenye walibadirisha BIOS (programu ya ndani yake) ili ijiite jina ya karte kubwa, ile programu inaandika wazi wazi kama ni fake. Tena ba RX 580 mingi zilifanya kazi ya kuchimba Ethereum usiku na mchana, na ile kazi iliisha Septemba 2022 wakati Ethereum ilibadirisha mufumo, njo pale soko ikajaa. Karte yenye ilichimba haiko lazima mubaya, me ventilatere na ile pate ya moto inakuwaka imechoka.

Na alimentasio inakuya na bwatie, hapo papa_volti njo aseme, mi nikianza nitatukana.

ruashi_boy
Ok ok, mi nilikuwa naangalia ile 8 giga tu 😅

papa_volti
Mwanangu, mi ni fundi wa kuranti, gemu sijui, hata ile FC yenu batoto bangu banaichezaka mi naona batu banakimbia tu. Me mashini zenye zimeungua zinafika kwangu, kwa ile niko na maneno.

Kitu ya kwanza unanunua hapa kwetu ni alimentasio. Kisha ile njo unahesabu ingine yote na makuta yenye inabakia. Batu banafanya kinyume, banaanza na karte, inabakia dola 15, banasema "aah alimentasio yoyote".

Ile ya bwatie igeuze, soma karatasi ku ubavu. Usisome 600, tafuta fasi ya +12V, pale njo karte na prosesere zinakulaka. Utakuta 12V, ampere 25. Piga 12 mara 25, ni wati 300. Zile 600 ni rangi ya karatasi.

Halafu soma INPUT. Kama imeandikwa 100–240V, ile njo unataka. Kama ni 200–240V tu, jua kama magaribi wakati batu bote bawashe resho (jiko ya kuranti) na prizi yako ishuke ku volti 170, mashini itazimika yenyewe katikati ya muchezo. Na kama nyuma unaona kabutoni kekundu kameandikwa 115 na 230, ogopa sana, mutoto akikasukuma ku 115 na prizi ni 220, unasikia PAA na moshi, na haikatae kuenda na karte mere (ile bao kubwa yenye inabeba bipande bote).

Juu ya nini volti ya chini ni mubaya? Juu mashini inataka wati zile zile. Wati 300 ku volti 220 ni karibu ampere 1.4. Ku volti 160 ni karibu ampere 1.9. Ampere njo inaleta moto mu waya na mu bipande. Kisha kuranti ikikatika na irudie, inarudiaka na kishindo, juu ba frigo na ba pompe za kartie muzima zinaamuka wakati moja.

Ile 80 Plus ya Bronze ao Gold inasema tu ni kuranti ngapi inapotea kama moto, haisemi kama ndani kuko bulinzi muzuri. Me alimentasio ya bule kabisa mara mingi haina hata Bronze ya kweli, kwa ile Bronze ya marke inajulikana ni mwanzo muzuri. Wati 550 inatosha mashini yako, na usisikie mutu wa 850.

mwana_katuba
Papa aksanti sana. Niliuliza vendere kuhusu ampere ya 12V, akasema eti hii si kabine ya SNEL (kampuni ya kuranti) 😂 Sasa kama naacha ile listi, nachukua nini?

yaya_montaji
Mudogo, mi natumikaka montaji ya video za ndoa, mashini yangu inalala yenye kuwaka, naweza kukupa njia.

Kwa 1080p na kwa ile gemu zako: prosesere Ryzen 5 5600 na karte RX 6600, zote za AMD. Kwisha. 5600 ni kori 6, wati 65. RX 6600 ni giga 8, wati 132. Zote mbili zikikimbia, na ingine yote ndani, hufike ku 300. Angalia vile ile inabadirisha maisha: alimentasio haichoke, ventilatere hazipige kelele, na onduleri (ile ya batri, UPS) ya kawaida inaibeba. Ile RX 580 yenye walikupa peke yake inakula 185 na ni zaifu kuliko RX 6600. Batu bananunua nguvu ya karte, banasahau kama hapa kila wati unaichunga mara mbili, mara ya kwanza mu alimentasio, mara ya pili mu onduleri.

Hadari moja: 5600 haina karte grafike ndani yake. Karte ikikufa, hakuna picha hata kidogo. Kama unataka kuanza bila karte, kuko 5600G, iko na grafike ndani, FC itacheza na rangi za chini, halafu karte unaleta kisha. Me 5600G iko na kashi nusu ya 5600, RAM ya mashini inaigawana na picha, na karte ukiileta kisha haitapata barabara ya PCIe 4.0 (ile njia kati ya karte na prosesere), inabakia ku 3.0. Mi siichukue kama makuta ya karte iko tayari.

mazembe_damu
Bote munasema AMD AMD. Nvidia njo mwisho bwana. RTX 3060, giga 12!! Ao RTX 4060.

yaya_montaji
@mazembe_damu sikukatai, mi mwenyewe niko na Nvidia, juu ya montaji na Blender inasaidia sana, na DLSS (ile ya Nvidia yenye inakuza picha) ni muzuri kuliko FSR ya AMD kwa macho yangu. Kama mudogo angekuwa anafanya kazi ya video ningemwambia RTX 3060 na ile giga 12 yake. RTX 4060 ni ya utamu juu ya wati, 115 tu. Me ku okazio (bitu bya mukono ya pili) bei ya RX 6600 ni ya chini, na yeye anacheza FC. Ile dola inabakia anaweka mu onduleri.

Na wewe mazembe karte yako ni gani?

mazembe_damu
GT 1030 😭 me roho iko ku 3060

lushi_mu_dar
Wakuu, mimi mzaliwa wa Kamalondo ila niko Dar mwaka wa tatu sasa, naomba nichangie kwenye RAM maana hapo ndo watu wanapigwa kipindi hiki.

Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, viwanda vinakimbilia kuuzia hizo senta za data za AI, Micron mpaka wakatangaza Desemba 2025 kwamba Crucial ya wateja wa kawaida wanaiacha. Kwa hiyo mtu akikwambia "chukua AM5 ndo ya kisasa" (shimo jipya la prosesa za AMD, AM4 ndo la zamani) mwambie sawa, ila AM5 inakubali DDR5 pekee na hela ya DDR5 atoe yeye. Kwa bajeti ya 700 baki AM4, DDR4, na hizo RAM tafuta okazio, RAM ni kitu ambacho kikiwa kizima leo huwa kinaendelea kuwa kizima, ipime tu na MemTest86 usiku kucha kabla hujamwachia muuzaji hela yote.

Chukua barete mbili za giga 8, usichukue moja ya 16. Zikiwa mbili prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja na kwenye gemu inaonekana kabisa, hasa zile sekunde ambazo picha inakwama. Zikae shimo la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa spidi ya RAM), la sivyo RAM ya 3200 itatembea 2133 ao 2400 mpaka siku unaiuza.

njia_kasumba
Mi natembeaka Joburg, naletea batu bipande. Karte na prosesere na RAM, bile bitu bidogo, leta kutoka kule kama uko na mutu unamuamini. Bwatie na ventilatere nunua hapa hapa, ni kubwa na transporti itakula faida. Kuranti ya Afrika ya Kusini ni volti 230, hakuna shida na yetu. Prizi yao ya misumari mitatu minene haitaingia ku ukuta yako, me usinunue adapta za marshe, badirisha kable muzima, upande wa alimentasio ni ule ule wa mashini yote.

Omba fakture yenye jina na bei ya kila kipande, ku duane (forodha) ya mupaka wa Kasumbalesa mutu mwenye hana fakture njo anaongea sana. Na kama mutu analeta PC yenye ishafungwa, lazima atoe karte grafike ndani na aifunge pembeni. Kutoka Joburg mpaka hapa unapita Beitbridge ao Kazungula, unapita Zambia yote, ile karte inaninginia ku karte mere njia muzima na shimo inapasuka. Hata disiki ngumu inateswa, SSD (disiki yenye haina kitu inazunguka) haisikie kitu.

mwana_katuba
Yaya wangu anarudia toka Joburg mwisho wa mwezi, nitamutuma prosesere na karte. Karte mere sasa? Mutu anauzisha B450 ya okazio hapa mu komine ya Kenya, bei ya chini.

fundi_kampemba
B450 ni muzuri, me uliza BIOS, ile programu ya ndani ya karte mere. Zile za zamani hazijue Ryzen 5000 mpaka BIOS ibadirishwe, na ili uibadirishe unahitaji prosesere ya zamani ndani, ao karte mere iwe na ile butoni ya kubadirisha BIOS na kle ya USB bila prosesere. Mwambie aiwashe na 5000 series mbele yako, kama hana, aandike BIOS ni version gani utafute ku saiti ya marke. B550 inakukomboa ku ile kelele, tena iko na PCIe 4.0. RX 6600 inatumikisha njia 8 tu za PCIe, ku 3.0 inapoteza kidogo, hautalia.

Angalia pia shimo ya prosesere. Ku AM4 misumari iko ku prosesere, ku Intel ya leo misumari iko ku karte mere. Ukinunua okazio AM4 geuza prosesere uangalie na taa ya simu, moja ikiwa imepinda unaiona.

Na SSD! Disiki ngumu ya tera 1 ni ya kuweka filme. Windows na gemu ziende ku NVMe (SSD ya mbio), giga 500 ya kuanza. Ku M.2 soma muzuri juu SATA na NVMe zinafanana sura, moja inafika megabaiti 550 kwa segonde, ingine hata ya bei ya chini inapita 2000.

ruashi_boy
Mi niko na 300 tu. Nirudi kulala?

fundi_kampemba
Hapana. Tafuta ba mashini za biro zinatoka Ulaya, Dell OptiPlex ao HP EliteDesk, yenye i5-8500. Ni jenerasio ya munane, kori 6, Windows 11 inakubali. Chukua ile ndefu, usichukue ile nyembamba, ile nyembamba inaomba karte fupi na alimentasio yake ni karibu wati 200 tu ya umbo yake yenyewe, hautapata ya kubadirisha mu Lushi muzima. Kisha weka karte yenye inakula ku karte mere tu bila kable ya pembeni: GTX 1650 za aina ile, ao RTX 3050 ya giga 6, ni wati 70. Usichukue RX 6400, iko na njia 4 tu za PCIe na ku ile mashini ya PCIe 3.0 inakabwa koo.

ruashi_boy
Sasa njo mambo 🔥

dada_golf
Hakuna mwenye amesema bumfumbi. Juni mpaka Oktoba ile vumbi nyekundu yetu inaingiaka hata mu sukari. Bwatie ya kioo mbele ni mubaya, tafuta yenye uso wa wavu na filtre ya kutoa na kuosha. Ventilatere mbili zivute ndani, moja itoe nyuma, inatosha, zile sita za taa ni mapambo. Ukipuliza vumbi shika mapanga ya ventilatere na kidole isizunguke, na mashini usiweke chini ku simenti.

Na gemu usishushe na forfe (mega za kununua), Warzone inapita giga 100! Steam tangu 2023 inaweza kutoa gemu ku PC ya rafiki mu wifi moja bila kula mega, unapeleka mashini kwake ao anakuya kwako. GTA pia, kopia dosie, halafu Steam inaangalia tu bipande bimekosa.

mwana_katuba
Listi mupya: Ryzen 5 5600 na RX 6600 okazio toka Joburg, B550, RAM 8+8 DDR4 3200, NVMe giga 500, alimentasio 550 Bronze 100–240V, bwatie ya wavu. Inabakia karibu dola 90 ya kuranti. Stabilizatere ao onduleri? Makuta haitoshe zote mbili.

papa_volti
Onduleri, me soma karatoni: iwe na AVR. Ile maana yake ndani iko na stabilizatere yake, volti ikishuka inaipandisha bila kugusa batri. Yenye haina AVR, kila magaribi inarukia ku batri, na batri inakufa mbele ya mwaka. Usidanganywe na VA, tafuta wati. 650 VA mara mingi ni wati 360, mashini yako na ekrani zinaingia me bila nafasi, ukipata 1000 VA ya wati 600 ni muzuri zaidi. Haiko ya kucheza, ni ya kuzima kwa adabu. Resho na pasi havigusi ile onduleri, hata imprimante ya laser.

Mvua ikianza, Novemba kuenda mbele, radi ya hapa unaijua. Ukisikia inakaribia toa prizi ku ukuta, toa na kable ya intaneti kama inatoka inje. Hakuna kadude ka dola 10 kanasimamisha radi.

Swali: prizi yenu iko na tere (waya ya kuenda mu udongo)?

mwana_katuba
Iko na matundu mawili tu papa. Na PC ya zamani nikiigusa na mguu mutupu ilikuwa inanipiga kidogo kidogo.

papa_volti
Ile kupiga njo jibu, hakuna tere. Muji wa shaba, na nyumba hazina waya ya shaba mu udongo. Alimentasio muzuri iko na filtre yenye inatupa kuranti ndogo ku tere, isipokuwa na fasi ya kuitupa inaileta ku bwatie, na ku mukono yako. Na parafudre ya onduleri (ile inazuia kishindo ya kuranti) pia haitumike muzuri bila tere.

Toa dola 20 ku ile 90. Itisha fundi apige fimbo ya shaba mu udongo, metre moja na nusu ao mbili, fasi yenye maji ya kufulia inamwangikaka, juu udongo mukavu haubebe kuranti na mu kiangazi tere inakuwa ya jina tu. Avute waya ya kijani na manjano mpaka ku prizi yako moja yenye musumari wa tatu. Asifunge ku robine, tiyo za leo ni plastiki. Kisha apime na multimetre kati ya faze na tere: kama iko mbali na ile ya faze na netre, tere haiko muzuri. Kama inakaribia, ile ni alama tu, juu multimetre haivute kuranti; fundi apime tere yenyewe na aparei ya kupima tere, kisha washa.

mwana_katuba
Sawa papa. Naenda kumuona fundi siku ya posho (Jumamosi), fimbo nitanunua mi mwenyewe. Yaya akifika na karte nitaweka picha hapa.

mazembe_damu
Na ukishakuwa na RX 6600 utaniuzisha PC ya zamani?

mwana_katuba
Ile inapigaka batu, mukubwa 😂